Pale Baba Alipokuwa Akiitikia

Kwetu ngoma haipigwi na mtu mmoja. Moja inaita, nyingine inaitikia, na ukimdandia mwenzio kabla hajamaliza kuitikia, umemvunjia heshima. Kaka yangu alikuwa anaita, baba anaitikia. Harusi za mtaani kwetu hapa Tabora, ni wao wawili. Baba akafariki. Arobaini ilipopita tu, kaka akasema anakwenda kufanya mtihani wa ngoma, ule wa gredi.

"Mtihani wa nini bwana?" nikamwakia. "Nani Tabora hajui we unapiga?"

"Kaliua hawajui."

Kuna shule kule ilikuwa inatafuta mwalimu wa ngoma, ila awe na gredi ya tatu, ya juu kabisa. Nikamsindikiza. Siwezi kumwacha kaka'ngu peke yake mbele ya wageni, sikuumbwa hivyo.

Mtahini alikuwa mama mtu mzima kutoka Dar. Tukampa shikamoo, nikakaa benchi la nyuma. Kaka akaita, mwili ukanisisimka. Halafu akanyamaza, mikono hewani. Akaita tena, akanyamaza tena. Yule mama anaandika tu.

"Mwanangu, mbona unakatika katikati?"

Kaka akainamisha macho kwenye ngozi ya ngoma. Nikasimama.

"Hajakatika! Anamsubiri baba aitikie, na baba tumemzika! Unataka apige juu ya sauti ya baba yake?"

"Kaa chini, we!" kaka akanifokea.

Yule mama akavua miwani. "Poleni sana, wanangu. Lakini mimi napima ninachosikia. Na wanafunzi watasikia hicho hicho."

Akampa gredi ya kwanza, ya chini kabisa.

Njia nzima natukana. Tulipofika relini kaka akanikatisha: "Tangu msiba kila mtu ananiambia niko vizuri, niko vizuri. Yule mama peke yake ndo kaniambia nimebaki nusu. Sasa najua pa kuanzia. Niache."

Nikamchukulia ngoma, tukavuka reli.

Akaanza mazoezi uani. Mkono wa kulia unaita, wa kushoto unaitikia kama baba. Mwanzoni ngoma ilikuwa inachechemea. Mama yetu anapepeta mchele. Kaka akijikwaa pale pa baba, ungo nao unasimama. Akarudi kwa mtahini, akapata ya pili, na maelezo ya nini akarekebishe. Akarekebisha. Akapata ya tatu.

Vijana wenzangu wakiiponda ile mitihani nagombana nao. Nawaambia nendeni, mtaambiwa ukweli ambao mtaani hawawaambii, kwa sababu wanawapenda.

Jioni ya kuamkia safari ya Kaliua, kaka akapiga yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Mama akaweka ungo chini.

"Kapaziba," akasema, akaingia ndani.

Mimi nikabaki uani. Hata baada ya kumzika, kila kaka aliponyamaza nilikuwa namsikia baba pale. Jioni ile nilisikiliza mpaka mwisho, na hapakuwa na pa kumsikia.