Jina la Kwenye Kikombe

Kahawa yao siipendi, na ninaanza na hilo ili mtu asiniambie baadaye kwamba nimewaonea. Inanukia vizuri mlangoni, ikifika mdomoni haina habari. Lakini si ladha iliyonikasirisha. Watu wanakunywa vibaya kuliko hivyo na dunia inaendelea. Kilichonikasirisha ni pahali walipoamua kuiuza.

Mama yangu aliuza jebena mtaani Atlabara, hapa Juba, kando ya barabara iendayo chuo kikuu, chini ya nguzo ya umeme. Nguzo ile haikuwa na waya hata mmoja tangu tulipoikuta. Watu wa umeme waliisimamisha wakaenda zao, na mama akaona hiyo ni kazi iliyoachwa nusu, akaimalizia mwenyewe. Alifunga turubai kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye ukuta wa jirani, akapanga vile viti vifupi vya kamba tunavyoviita bambar, akaweka jiko la makaa na meza ya glasi. Jebena ni birika la shingo nyembamba, na kwetu jina hilo hilo ni la kahawa yenyewe. Mteja akiketi, mama alikaanga buni mbele yake, akaitwanga pamoja na tangawizi, akaichemsha mpaka barabara nzima ikajua. Mwenye haraka alinunua soda.

Tulirudi kutoka Uganda nikiwa msichana mkubwa. Huko ukimbizini, kwenye milima ya Paidha, mama alichuma kahawa katika mashamba ya watu miaka mingi na hakuionja hata mara moja. Ilichumwa, ikaanikwa, ikapakiwa lori. Alianza kuinywa hapa Juba. Kiswahili nacho tulirudi nacho kutoka huko, kile cha sokoni, na mama alikitumia kuwasengenya wateja waliojua Kiarabu tu. "Huyu hapana oa mwaka huu," aliniambia siku moja, macho kwenye jebena, na mwenyewe ameketi hapo hapo akiwasifia ng'ombe wake.

Juba ukimwelekeza mtu, humpi namba ya nyumba. Unamwelekeza kwa mtu mwingine. Atlabara ilitosha kusema: kwenye nguzo, kwa mama wa jebena. Watu waliachiana pale funguo, salamu, dawa za mgonjwa. Aliyetoka Yei kumtafuta shangazi ambaye hawakuonana tangu vita alianzia pale, na kama mama hakumjua shangazi huyo, alimjua mteja anayemjua. Nimeona watu wazima wakikumbatiana chini ya turubai lile mpaka glasi zinamwagika.

Ndugu yangu, mdogo wangu wa pekee, alikuwa kibarua bandarini. Alipakia mizigo kwenye matishari yanayoteremka mto kwenda kaskazini, na baadaye akaanza kusafiri nayo. Asubuhi ya safari yake ya mwisho alipita kwenye nguzo, akanywa glasi yake, akaomba nyingine. Mama alikuwa akilalamika kwamba akiwa safarini hapatikani. Akamjibu, "Mama, simu huko iko nasumbua. Wewe usihangaike na simu. Mimi nikirudi, nakuja hapa hapa kwa nguzo."

Akaondoka na tishari la mahindi. Huko mtoni kulitokea mapigano. Baadhi ya wenzake walirudi, mmoja akasema alimwona akiruka ufukweni na kukimbia, mwingine akasema hakuona kitu. Hakuna aliyesema amekufa. Hiyo ndiyo habari yote tuliyo nayo mpaka leo.

Tangu hapo mama hakukosa siku kwenye nguzo. Alikwenda na malaria. Alikwenda siku ya mazishi ya dada yake, kaburi lilipokwisha kufunikwa. Mwanawe alimwambia atamkuta pale, basi angemkuta pale. Ukimjia na hoja ya kumpinga, ulikuwa umejitafutia ugomvi, nami nilishajitafutia wa kutosha nikaacha.

Halafu wakaja.

Ni moja ya zile kampuni za kahawa zenye matawi kila mji. Nilishaiona Kampala nilipokwenda kununua vitambaa, kwa sababu mimi ni fundi cherehani: viti vile vile, taa zile zile zinazoning'inia, muziki ule ule wa kumbembeleza mtu alale. Mteja wangu mmoja ameikuta Nairobi, akaikuta tena Dubai, na anasema ukiingia hujui uko nchi gani. Alisema hivyo kwa kusifu. Mimi nilidhani mtu akija Juba angependa kujua yuko Juba.

Walikodi jengo lililokuwa nyuma ya nguzo, wakabomoa ukuta aliofungia mama turubai, wakaweka kioo mbele na jenereta nyuma. Mama akahamishia kamba zake kwenye mti wa uzio, akaendelea. Ndani walitundika picha kubwa ya mwanamke anayechuma kahawa, anacheka meno yote nje. Mama aliitazama kupitia kioo, akaniuliza anacheka nini. Yeye hakumbuki kicheko shambani, anakumbuka mgongo. Nami nikasoma maandishi chini ya picha: kahawa hii inatoka katika milima ya Uganda. Yaani buni ya Paidha inapanda meli, inakaangwa ng'ambo, inatiwa kwenye mfuko unaong'aa, inarudi kupita mlangoni pa mwanamke aliyeichuma, na sasa ni ya kisasa. Nilicheka, lakini kicheko kibaya.

Meneja wao alikuwa kijana mwenye adabu, kadi inaning'inia shingoni. Alikuja mwenyewe kwenye nguzo, akachuchumaa, akamwomba mama aje siku ya ufunguzi kuonyesha utamaduni wa kahawa. Mama alisikia jambo jingine kabisa. Kwetu jirani akijenga nyumba akakuita na jebena yako, unakwenda na vyote: makaa, buni, ubani, glasi, viti. Unawapikia wageni wake, na wakishakunywa, wewe na yeye mmekuwa majirani mbele ya watu. Hakuna atakayemfukuza mwenzake. Mama aliona kampuni nzima, na matawi yake yote, imekuja kumwambia akae.

"Hawa watu wana heshima," aliniambia. Alinunua buni nzuri kuliko aliyozoea. Alisugua glasi kwa majivu mpaka zikalia kidoleni. Alivaa lawo yake nzuri, ile ya harusi, akaifunga begani, na nikabeba jiko mimi mwenyewe.

Walikuwa wamemtandikia mkeka pembeni na kuuzungushia kamba nyekundu. Mama aliruka kamba, akapanga vitu vyake, akaanza kupuliza makaa. Askari wa mlangoni alikuja mbio.

"Mama, moto hapana. Ile kitu huko juu italia," akasema, akionyesha dari.

"Sasa nipike na nini? Na mate?"

Meneja alifika akitabasamu. Alisema hakuna haja ya kupika. Mama ashike tu jebena na kumimina, kwa ajili ya picha.

"Nimimine nini?"

"Hewa tu, mama. Kama unamimina."

Mama aliniangalia. Kisha, kwa kuwa alikuwa mgeni nyumbani kwa mtu, alimimina. Mwanamke ambaye hajawahi kumwacha mtu aliyeketi mbele yake aondoke mkavu aliwapa mabwana wenye tai glasi tupu, mmoja baada ya mwingine, nao wakaziinua juu, wakacheka, wakapigwa picha. Nilitaka kuipindua ile meza ya keki. Natamani hata sasa.

Badala yake nilijikuta kwenye foleni ya kahawa ya bure, kwa sababu kila mtu alisukumwa huko. Binti wa kaunta alishika kalamu na kikombe cha karatasi, akaniuliza jina.

"Jina langu la nini? Mimi nataka kahawa, siombi pasipoti."

Alinieleza kwa upole kwamba ndivyo wanavyofanya katika matawi yote. Jina linaandikwa kwenye kikombe, kahawa ikiwa tayari linaitwa kwa sauti, mwenyewe anakuja. Nikamwambia aandike Mteja. Akaandika Mteja, akaita Mteja, na watu kadhaa wakageuka. Kikombe nilikiacha mezani kimejaa.

Njiani mama alisema neno moja tu. "Wameninyima moto." Nikamwambia turudi tukawatukane. "Malesh, ya biniya," akanijibu, akinisihi nitulie kama mtoto. "Ni wageni. Watajifunza."

Haukupita muda, wakaja watu wa usafi wa mji na lori lao. Walisema makaa na maturubai mbele ya jengo jipya ni uchafu wa barabara. Nani aliwaita sijui. Meneja aliapa si yeye, na huenda alisema kweli. Ninachojua ni kwamba miaka yote ile barabara ilikuwa na vumbi, mitaro iliyoziba na mbuzi waliokufa, na hakuna aliyeona uchafu mpaka kilipowekwa kioo. Walipakia bambar, meza, turubai. Jiko lilikuwa na moto, wakalimwagia maji ya mtaro. Jebena mama aliikumbatia, hawakupigana naye kwa hiyo.

"Sasa mtu wangu atanikuta wapi?" aliwauliza.

Mmoja akasema sokoni kuna nafasi nyingi.

"Soko si hapa," mama akasema.

Wiki ile ile waling'oa nguzo ili magari yapate pa kuegesha. Kazi nusu ya watu wa umeme ikaisha hivyo.

Nilimhamishia mama mtaa wa Buluk, mbele ya duka langu la kushona. Duka hilo ninalo pamoja na mwanamke wa Uganda, mwenye mdomo kama mimi, ndiyo maana tunaelewana. Alimpa mama kivuli cha baraza na kumletea wateja. Kusema kweli biashara haikuwa mbaya. Mama angeweza kukaa pale na kuzeeka vizuri. Lakini hakukaa vizuri. Kila mwanaume akipita, mama alinyoosha shingo, kisha akaangalia barabara kana kwamba ameshuka basi pasipo pake.

Nikamshauri ahamie bandarini. Matishari yanafika huko, nikasema, atakuwa wa kwanza kumwona.

"Alisema nguzo."

"Nguzo haipo tena, mama."

"Na yeye nani amemwambia?"

Nikapandisha sauti, kama ninavyofanya nikikosa jibu, na yeye akaendelea kutwanga tangawizi yake.

Kisha mwenzangu wa dukani akanivuta pembeni. "Wewe hapana ona? Mama asubuhi hapana kuwa hapa. Anaacha jebena kwangu, anapotea, anarudi kimya." Kesho yake nilimfuata. Alikwenda moja kwa moja Atlabara, akavuka maegesho yaliyokuwa mahali petu, akaingia mle ndani.

Sitaki kuficha nilivyojisikia. Nilijisikia nimesalitiwa. Walimnyima moto, wakamwagia maji jiko lake, na yeye anakwenda kuwanunulia kahawa! Niliingia na maneno yangu yote tayari. Alikuwa ameketi kando ya kioo, upande ule ilipokuwa nguzo, mikono mapajani, hana kikombe. Nikamwendea.

Kabla sijafika, binti wa kaunta aliita jina la ndugu yangu.

Aliliita wazi, kwa sauti ya kazi, jina lake la kwanza na la baba. Niligeukia mlango, sijui hata niligeukaje, na mlango ulikuwa wazi. Askari alikuwa ameushikilia. Nje kulikuwa na bodaboda, mwanamke na ndoo, jua. Hakuingia mtu.

Binti akaita tena, kwa nguvu zaidi. Wanafunzi wakainua vichwa kutoka kwenye simu zao. Mama hakutikisika, macho yake yalikuwa barabarani. Jina lilipoitwa mara ya tatu ndipo akainuka, akaenda kaunta, akachukua kikombe kile. Askari akaachia mlango ukajifunga.

Mama aliponiona hakushtuka. Alinisogezea kiti.

"Hii glasi yao hapana pitisha sauti," akasema, akionyesha kioo. "Huyu askari zamani alikuwa anakunywa kwangu. Nimemwomba afungue."

"Unakunywa hii kahawa?"

"Haina tangawizi." Alizungusha kikombe mpaka jina likatazama nje. "Lakini wanaita, wewe. Mimi mwenyewe nilikuwa nakaa tu kwa nguzo, sikuwa naita. Kama anapita hapa, anatafuta nguzo, haoni, atasikia."

Maneno niliyokuja nayo sikuyaona yalikokwenda. Hasira ilibaki, hiyo haikwenda popote, iko nami ninapoandika. Niliitazama ile picha ya mwanamke anayecheka, zile taa, kamba nyekundu iliyokunjwa pembeni. Walikuwa wamechukua kila kitu mahali pale, na mama amepata pa kuwatumikisha.

Nikainuka, nikaenda kaunta. Binti alishika kikombe kipya na kalamu, akaniuliza jina. Nikamtajia lile lile, la kwanza na la baba. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaandika bila kuuliza.

"Ita kwa nguvu," nikamwambia.

Askari alikuwa ameshaufungua mlango.