Mche wa Ambakisye

Marobota ya mitumba yanapofunguliwa, ile harufu ya dawa na nguo zilizokaa gizani hunirudisha Tukuyu, miaka ya ruksa, nguo zilipoanza kuonekana tena sokoni. Mama alininunulia kaptula. Akanunua na sweta kubwa la kijivu, la kaka yangu Ambakisye, kwa sababu kijijini kwetu Kisondela kuna baridi na yeye aliondoka na shati tu.

Ambakisye alikwenda vita ya Uganda mimi nikiwa bado wa kubebwa. Hakurudi, wala mwili haukuletwa. Kwetu msiba ni mpaka wenyewe waupokee, na mama alikuwa hajaupokea. Baba na wajomba walikwishachoka kumwomba.

Ndipo shule yetu ikaamua kuwakumbuka wanafunzi wake wa zamani waliofia vitani. Kila familia ingepewa mche wa msonobari, ipande uwanjani. Mama alimwendea mwalimu mkuu.

"Mwanangu usimtaje pamoja na marehemu, mwalimu."

"Nitamtaja wa mwisho, mama. Ukiona vema, simama upokee. Usiposimama, hakuna wa kukulaumu."

Siku hiyo ukungu ulishuka hadi kwenye mapaa ya madarasa. Majina yakasomwa, ndugu wakasimama, wakapokea. Likaja la Ambakisye. Mama akaitazama mikono yake. Nyuma yangu mvulana akanong'ona, "Kumbe shujaa wao wa maneno tu."

"Huyo alitoroka," mwenzake akasema. "Yuko Kampala anauza ndizi."

Wakachekea puani. Nikasimama, nikaenda mbele, nikaupokea mche kwa mikono miwili kama zawadi ya mtihani, nikampelekea mama.

"Rudisha, baba," aliniambia taratibu.

"Ni wa kaka, mama. Watu wote wameona."

Kweli walikuwa wameona. Nyumba yetu ilikwishapokea msiba. Bibi mmoja akajifunga kanga kiunoni, akaanza kulia kwa sauti, wengine wakamfuata, na mama akakaa chini kwenye nyasi mbichi. Jioni wanaume walichinja ng'ombe wa matanga.

Baba alinishika kichwani, akasema nimefanya jambo la kiume. Nawaambia ukweli, sifa ile nilitembea nayo hata baada ya kumaliza sekondari. Kisha nikaja kufiwa na binti yangu. Pale kaburini wazee walisubiri nianze mimi kutupa udongo. Nilikawia sana, na hakuna aliyenigusa bega kunihimiza.

Mama yangu hakusubiriwa. Nilimzikia mwanawe kwa sababu watoto wawili walinicheka.