Kijiko cha Mafuta ya Taa

Harufu ya mafuta ya taa ikinifikia, hata leo, mkono wangu wa kulia hukimbilia mfukoni. Niseme basi nililolikana miaka arobaini, mingi kati ya hiyo nikilipwa kuwafundisha vijana wa chuo kikuu maadili: ni mimi niliyemnywesha mdogo wangu Mogaka mafuta ya taa. Kijiko kimoja.

Tulikaa karibu na Suneka, miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka saba, Mogaka miwili. Wiki ile dresa, mhudumu wa tiba wa zahanati, alikuwa amepita akiwanywesha watoto dawa ya minyoo, nami nikapendezwa na jinsi alivyowabana pua mpaka wakaachama wenyewe. Nikampeleka Mogaka nyumbani kwa Kerubo, mke mdogo wa baba, nikavuta chupa chini ya kitanda. Mgonjwa wangu alimeza, akakakamaa, akakohoa hadi midomo ikageuka rangi. Niliposikia hatua uani, mimi daktari nikatoroka kwa mlango wa nyuma, nikajibanza nyuma ya ghala la wimbi.

Kerubo aliingia mbio. Nyanya alipofika, alimkuta ameokota kijiko, akapiga yowe:

"Kerubo amemwua mwana wa mwenzake!"

Kwetu mke mwenza alihukumiwa bila ushahidi. Kijiko kilikuwa ziada. Baba alikuja mbio, akampiga Kerubo kwa mpini wa jembe. Niliusikia mkono wake ukivunjika, kama kuni kavu. Meno mawili yalidondoka majivuni. Wakati huohuo nyanya alimning'iniza Mogaka kichwa chini kama kuku wa sokoni, akamtia vidole kooni, akammiminia maziwa, akamtapisha tena na tena mpaka ikatoka damu.

Mama alitoka shambani akambeba mbio hadi zahanati, sisi nyuma yake.

"Nani amemtapisha?" dresa aliuliza.

"Mimi," nyanya akajibu, kama anayengoja zawadi.

"Mama, umemnywesha mara ya pili. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni. Mngemleta hivyo hivyo."

Siku sita kifua cha Mogaka kilivuma kama mzinga wa nyuki. Akapona. Kerubo alirudi kwao Keumbu, mkono umefungwa kwa leso. Mimi nilipoulizwa, niliapa nilikuwa mtoni.

Mwezi uliopita nilimwambia Mogaka ukweli. "Kijiko kimoja tu," nilisisitiza, kana kwamba kipimo kingenitetea. Jana simu ililia.

"Dada, niko posta ya Keumbu na mama mdogo Kerubo."

"Umemwambia?"

"Amejua siku zote. Alikuona kutoka uani, akatupa kuni akakimbia. Akachelewa."

"Mbona hakusema?"

"Anasema mpini ule ungekuua."

Miaka yote niliamini kwamba ni ghala lililonificha. Nyuma ya Mogaka nikasikia sauti ya kizee, ya mtu asiye na meno ya mbele, ikisahihisha jambo.

"Dada," Mogaka akasema. "Anasema vilikuwa viwili."