Godoro Lililobaki na Nailoni

Juzi niliitwa tena kwa mjukuu wangu hapa Mtinko, eti mkewe amekikataa kitanda na anafunga mizigo arudi kwao Ilongero. Nikaenda, magoti yananiuma.

"Shikamoo bibi. Nimemnunulia godoro la sponji, yeye analala chini kwenye ngozi ya ng'ombe. Hiyo si dharau?"

Mke alikuwa anakunja kanga, hata macho hakuinua. "Bibi, kalilalie wewe kwanza."

Nikalala. Likalia kwacha kwacha, mgongo ukalowa jasho kama nimetoka kulima. Kumbe bado limevaa nailoni ya dukani, miezi miwili sasa.

"Mbona hujaitoa?"

"Nikiitoa, bibi, mtu akija atajuaje kama ni jipya?"

"Basi ulale na hao wanaokuja," mke akasema.

Mjukuu akautazama ule mzigo, akafuata kisu. Nailoni aliichuna taratibu, kama ngozi ya kuuza. Mke akafungua mzigo, akatoa shuka.

Zamani maduka yalikuwa matupu, nikawa naitwa kwa ugomvi wa mashamba. Sasa vitu vimejaa, naitwa mpaka kulalia godoro la watu.