Stashahada Yangu na Miiba ya Mkonge

Asubuhi ile naikumbuka hadi leo, mwanangu. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nimerudi Tanga kutoka Uganda na stashahada ya kilimo, wa kwanza kuipata mtaani kwetu Nguvumali. Sioni haya kukwambia: niliipata kwa jasho langu, hakuna aliyenishika mkono.

Miaka hiyo kilimo kilikuwa kinaita watu! Malori yalishusha vijana kutoka Njombe na Songea, na kila shamba la mkonge lilitafuta wakataji, madereva na mafundi wa korona, ile mashine inayokamua majani ikabakiza nyuzi. Mimi nikapewa kazi mpya kabisa katika shamba moja upande wa Pangani: mwalimu wa wakataji wageni. Meneja alinieleza waziwazi kwamba nina wiki mbili. Vijana wakishindwa, mimi naondoka na kazi yenyewe inafutwa.

Siku ya kwanza nikavaa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Nyapara alikuwa Mzee Mhina, Mbondei aliyezeekea kwenye mkonge.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, kijana. Nikuonyeshe kidogo kabla hujaanza?"

"Hapana haja, Mzee. Haya yote nimeyasoma."

Mwanangu, nilikata! Vijana wamenizunguka, panga linalia, nikafunga mzigo wa majani thelathini na kuutupia begani kwa madaha. Sikujua kwamba mkataji huondoa kwanza mwiba ulio kwenye ncha ya kila jani. Miiba ikanipokea shingoni. Niliruka kama mbuzi, mzigo kule, kofia kule.

"Bwana Shamba!" akapaza sauti kijana mmoja wa Njombe. "Mkonge nao umekupa cheti!"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mzee Mhina hakucheka. Alinichomoa mwiba uliovunjikia shingoni, akasema polepole, "Umeniamkia vizuri, lakini hukunisikiliza. Hawa watabeba mizigo kama utakavyowafundisha. Kwa namna hii, kesho atarudi nani?"

Nikavua soksi. Siku tatu nilikuwa mwanafunzi wake mbele ya wanafunzi wangu, na viganja vyangu vilitoka malengelenge. Kisha stashahada nayo ikafanya kazi yake, na hapo nakuomba uniache nijisifu! Niliona vijana wanapoteza nguvu kwa kubeba mizigo mbali, nikapanga upya safu za kukata zianzie karibu na reli ya troli, vile vigari vya kupelekea majani kwenye korona. Meneja alipokuja wiki ya pili, wote walikuwa wamemaliza kazi ya siku kabla ya adhuhuri. Kazi yangu ikabaki, na mashamba ya jirani yakaanza kutafuta walimu wao. Niliowafundisha ndio waliochukuliwa!

Mkonge ulipokuja kuanguka bei, nilihamia minazi, kisha machungwa, na kila nilipofika nilianza kwa kuomba panga na mzee wa kunionyesha.

Sasa wewe unaniambia kilimo hakina ajira! Anayetibu mimea anatakiwa, anayesindika matunda anatakiwa, fundi wa mashine anatakiwa. Soma mpaka mwisho, mwanangu, wala usiende shambani kama mtu aliyekosa ofisi. Ila ukifika, mtafute mwenye sugu mikononi, umwombe akuonyeshe kabla hujamfundisha mtu yeyote.

Mola akupe kazi utakayoiamkia kwa furaha, akupe mwili wenye nguvu na sikio sikivu, na mikono yako ilishe watu wengi kuliko unaowajua. Amina.