Shukrani Zilizotangulia Nyumba

Sipriani Niyonkuru ni mtu wa polepole. Kiwandani Tonawanda, anakofunga katoni, wenzake humtania kwamba hata chafya huipiga kwa awamu. Jambo moja tu humfanya akimbie, nalo ni kushukuru. Ukimpa lifti siku ya theluji, kabla theluji haijayeyuka Joselyne mkewe ameshagonga mlango wako na sufuria ya maharage. Ndivyo walivyolelewa wote wawili, na kwa malezi hayo hayo nusura waikose nyumba.

Sipriani alikulia Mtabila, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania, baada ya wazazi wake kukimbia Burundi. Kambini nyumba ilikuwa ya udongo, na hata hiyo haikuwa yako. Kujenga kwa matofali ya kuchoma kulikatazwa, maana mchoma matofali alionekana ana nia ya kukaa. Baba yake alikufa akiwa hajawahi kupigilia msumari ukutani bila kwanza kujiuliza kama ataruhusiwa. Basi Sipriani alipofika Buffalo, Marekani, na kupanga ghorofa ya juu mtaani Riverside, hakutundika kitu. Picha yao ya harusi iliegemea ukuta chini kabisa, jirani na viatu. Wageni wakija, Joselyne aliifunika kwa kitambaa.

Mtaa huo huo, bibi mmoja mzee alitaka kuuza nyumba yake ndogo yenye baraza ya mbao, ahamie kwa binti yake. Aliwapenda Sipriani na mkewe, wale Warundi waliokuwa wakimwondolea theluji mlangoni bila kuombwa. Akawaambia atawangoja mpaka majani ya miti yaanguke. Baada ya hapo nyumba itakwenda kwa yeyote mwenye fedha.

Mshahara wa kiwandani na ule wa Joselyne, anayewahudumia wazee majumbani, uliweza kulipa mkopo wa kila mwezi. Kilichowashinda ni malipo ya mwanzo. Hapo ndipo jina la Bi Odessa Pettiford lilipoingia nyumbani mwao. Huyu mama, mzaliwa wa Buffalo, ana kampuni ya malori, na ameanzisha mfuko unaozipa familia za watu weusi fedha za kuanzia nyumba. Unafanya kazi Louisville, Columbus na Buffalo, miji mitatu ambako malori yake hulala.

Aliyewaeleza habari hizo ni Laurentine, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi katika ofisi ya mfuko.

"Papa Sipriani, hii franga ni ya batu beusi," alisema. "Zamani hapa banki zilikuwa zinakatala kukopesha mutu mweusi nyumba. Bon, na leo bado iko nguvu kupata. Mama Odessa anataka kutengeneza ile mambo."

Maisha yake yote Sipriani ameulizwa kabila, mkoa na namba ya kadi ya chakula. Rangi hakuna aliyemuuliza mpaka alipovuka bahari.

"Sasa mimi nina haki gani?" aliuliza. "Walionyimwa ni wazee wa hapa. Mimi nilidhulumiwa kwetu. Nitakulaje fidia ya msiba wa wenzangu?"

"Mwenye nyumba akikuona kwa mulango, anakuuliza kwanza kama unatoka Burundi?"

Sipriani alizikumbuka nyumba mbili tatu ambazo kwenye simu zilikuwa wazi, na alipofika mlangoni zikawa zimekwisha kupangishwa. Akaziomba fedha za mfuko.

Wiki zikapita. Siku moja Laurentine akapiga simu akicheka. Jina la Sipriani limepita, akasema, bado tu kamati kutia sahihi. Mtu mwingine angemeza mate na kungoja. Lakini huyu ni Sipriani. Kwao, ng'ombe ukishaonyeshwa kwa fimbo kwamba huyu ni wako, ni wako, na anayechelewa kushukuru anajitafutia jina baya. Warundi wana desturi yao, gukura ubwatsi. Aliyepewa ng'ombe humrudia aliyempa akiwa na pombe na msemaji, na shukrani huanzia kwa baba wa mtoaji, kwa kuwa ng'ombe ametoka katika zizi la baba.

Joselyne akatafuta unga wa mtama kwenye duka la Waafrika, akapika impeke, pombe ambayo watu huinywa pamoja kwa mirija kutoka chombo kimoja. Chungu hakikupatikana, wakatumia ndoo mpya nyeupe. Msemaji akawa Mzee Rudasingwa, ambaye katika Warundi wote wa Buffalo hana mpinzani kwa maneno ya heshima. Wakavaa suti, wakaenda mpaka ofisi ya malori ya Bi Odessa.

Msichana wa mapokezi alikutana na wanaume wawili waliosimama wima mbele yake, ndoo iliyofungwa kitenge kati yao. Mzee Rudasingwa akakohoa, akaanza kwa Kiingereza chake cha kujikongoja, na akakwama palepale pa kuanzia. Hakulijua jina la baba.

"Baba yake huyu mama anaitwa nani?" akauliza. "Alikuwa anaishi wapi?"

Msichana akamwita mlinzi. Walitolewa nje kwa adabu, lakini walitolewa, na ndoo ikabaki sakafuni.

Kesho yake simu ya Laurentine haikuwa ya kicheko. "Papa Sipriani, donc njo nini ulifanya? Ile pombe imeleta matata. Mwenye kuomba haruhusiwe kupatia mutu kitu mpaka kamati imalize. Banasema inafanana rushwa. Dossier yako ya maombi bameisimamisha."

Neno rushwa lilimchoma. Huyu ni mtu ambaye kambini aliona afadhali kulala njaa kuliko kumhonga mgawa unga. Laurentine akaeleza kwamba njia ipo: aende mwenyewe aichukue ndoo, aseme ameirudisha nyumbani, na kamati itaendelea.

"Haiwezekani," Sipriani akamwambia mkewe. "Kuichukua pombe ya shukrani ni kusema ng'ombe simtaki. Ni kumtukana."

Joselyne alikuwa anakunja nguo. Aliliacha shati nusu, akaenda akaiinua picha ya harusi kutoka kwenye viatu, akamwekea mapajani.

"Ishike hiyo mpaka uzeeke, bila ukuta wetu wa kuitundika," alisema. "Mama wa watu hajui Kirundi, hawezi kutukanika kwa Kirundi. Kachukue ndoo. Majani yanageuka rangi."

Alikwenda. Laurentine alimsindikiza, na bahati ikataka Bi Odessa awe anapita mapokezini, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa chini kabisa. Alimkuta mwanamume ameshika ndoo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Akauliza kuna nini. Laurentine akamweleza yote: ng'ombe, zizi, aibu ya kurudisha. Bi Odessa alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma. Hakuigusa ndoo.

"Mwambie sheria hii niliitunga mimi, ili asitokee mtu wa kununua nafasi," alisema. "Siwezi kuivunja kwa ajili yake. Na mwambie sikuikataa pombe yake. Nimeiahirisha."

Sipriani aliibeba ndoo mpaka kwenye gari kichwa chini. Impeke ile ikanywewa na wapangaji wa chini, ambao waliisifu bila kujua ilikotoka. Siku zilizofuata alizipitisha akiangalia miti. Upepo wa mtoni ukivuma usiku, asubuhi alitoka kwanza kutazama kilichoanguka.

Kamati ilitia sahihi wakati miti ya Riverside ingali na majani, ingawa ya kuhesabika. Bibi mzee akakabidhi funguo barazani, akabusu mlango wake, akaondoka na binti yake.

Jumamosi moja baada ya hapo, Joselyne akiwa jikoni na sebule imejaa Warundi, gari likasimama nje. Akashuka Laurentine, na nyuma yake Bi Odessa katika koti la kanisani. Ukutani, kwenye msumari mpya, picha ya harusi ilining'inia upande kidogo. Ndoo ilikuwa katikati ya sebule, imejaa impeke mpya.

"Sasa hakuna sheria," Bi Odessa alisema. "Nimekuja kusikia yale maneno watu wangu waliyoyakatiza."

Macho yote yakamgeukia Mzee Rudasingwa. Mzee akatikisa kichwa. "Aliyepewa ndiye aseme," akajibu.

Sipriani akasimama, polepole kama kawaida yake. "Mama, baba yako anaitwa nani?"

Laurentine akatafsiri. Alikuwa Wendell, Bi Odessa akasema, Wendell Pettiford. Aliendesha lori la vyuma chakavu. Aliomba mkopo wa nyumba benki, akaambiwa mtaa anaoutaka si wa watu kama yeye, na mtaa anaoruhusiwa haukopeshwi. Alikufa mpangaji. Wiki ileile ya mazishi vitanda vyao vilitolewa vikawekwa kando ya barabara, na yeye, msichana mdogo, akawekwa avilinde.

Sipriani akapiga makofi taratibu, kama wapigavyo kwao mbele ya mkubwa, akatazama juu ya kichwa cha mama yule kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake.

"Wendell Pettiford," alisema kwa sauti. "Mimi ni Sipriani, mwana wa Niyonkuru, mtu ambaye naye hakuwahi kuwa na nyumba. Nimepewa nyumba. Imetoka katika zizi lako. Nimekuja kukushukuru wewe."

Laurentine alitafsiri kwa sauti ndogo, na kabla hajamaliza Bi Odessa alikuwa ameshaufunika uso kwa mikono. Alilia wazi, bila kuona haya. Joselyne akaja akaketi karibu naye, akamshika bega mpaka akatulia. Kisha akampa mrija. Bi Odessa akafuta macho, akainama juu ya ndoo, akanywa wa kwanza, kwa niaba ya baba yake.