Kioo Alichonisugulia Mama

Jaji wa mashindano ya sayansi amekifungua kioo changu leo, na kilikuwa kinang'aa kwa usafi.

Na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Wiki tatu nilikipaka utando wa plastiki iliyochanganywa na rangi. Ukiumulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, rangi inawaka kijani.

Jaji akamulika. Giza.

"Binti, mwanga uko wapi?"

Kumbe alfajiri Mama alidhani ule utando ni uchafu. Akausugua kwa majivu, akasuuza kwa maji aliyoyafuata bondeni (na Newala mnaijua kwa shida ya maji!), akanifungia kioo kwenye kanga.

Nimerudi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wageni wamekikuta safi?"

"Safi sana, Mama."

Akafurahi.

Nyie mngemwambia?